Vikombe vya Mama Phelista

Jumatatu, 14 Aprili 2025. Kitale

Kitabu hiki cha tarehe nimepewa na Mzee Rajvinder, mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ni cha mwaka jana, kilibaki dukani bila mnunuzi. Nimekata tarehe zake kwa kalamu nikaandika zangu. Aliniambia, "Andika, Wakoli. Mambo ikikaa sana kwa kichwa inaoza." Sawa. Naandika. Hakuna atakayesoma ila mimi, na hata mimi sijui kama nitarudia.

Nalala kwenye chumba cha nyuma ya duka lake wiki hizi, niwe karibu na hospitali. Kodi hataki kusikia. Mguu unawasha ndani ya plasta. Nimepata spoku ya baiskeli, naiingiza polepole, najikuna. Raha! Wenye miguu miwili mizima hawajui raha.

Niandike ile siku mara moja nimalize.

Alhamisi, tarehe sita Machi. Machimbo ya dhahabu ya Cherubai, saa mbili kutoka hapa kwa pikipiki. Zamu haikuwa yangu, ilikuwa ya Mukhisa, kaka ya mke wangu Sellah. Alitaka kupeleka ndama soko la Chwele. Nikamwambia nenda, nitashuka mahali pako. Hatukumwambia Kiplimo, msimamizi wa shimo. Angeuliza nini? Pale hapakuwa na orodha. Hatukuwa tunaandikwa wala kuhesabiwa. Mbukusu, Mpokot, Mnandi, tunabishana juu ya kila kitu, lakini kwa hilo tunaelewana: watu hawahesabiwi. Ukimhesabu mtu kwa sauti umemwita mkosi kwa jina. Mama yangu hata vifaranga hahesabu.

Saa nne asubuhi Mama Phelista, muuza chai, huteremsha ndoo kwa kamba ya winchi. Ndani kuna birika na vikombe vya bati. Tukanywa. Ndoo ikapanda. Mimi nilikuwa mbali, mwisho wa njia ya kulia, chai yangu ilikuwa moto bado, nikabaki na kikombe. Nilikuwa nimewaambia wenzangu huenda nikatoka mapema. Saa sita ukuta ukashuka.

Walitoa watu. Wanne wazima, wawili maiti — Mungu awalaze pema. Wale wazima walidhani mimi nilipanda nyuma ya ile ndoo. Kiplimo akasema basi, wote wametoka, twendeni. Watu wakaanza kushika njia.

Mama Phelista hakuondoka. Alikaa kwenye mdomo wa shimo, kanga yake ikiwa tope tupu, akarudia neno moja: "Kikombe yangu moja iko wapi?" Walimgombeza sana. Watu wamekufa na wewe unalilia kikombe? Yeye hakusema mtu. Hakuhesabu mtu. Alisema ameteremsha vikombe saba, vimerudi sita, na hatoki hapo bila cha saba.

Wakachimba ili anyamaze. Siku moja na nusu ikapita. Halafu wakanisikia nikigonga mwamba. Kwa kikombe.

Basi. Nimeandika. Jua limeingia dirishani mpaka gotini, na goti ni langu. Asante Mungu. Asante Mama Phelista.

Jumatano, 16 Aprili. Kitale

Mukhisa amekuja na ndizi. Ameketi ukingoni mwa kitanda akaangalia ukuta, akaangalia ndizi, akaangalia plasta. Uso wangu hakuuangalia. Tangu Machi yuko hivyo. Zamani tukikutana ni kelele, utani wa mashemeji mpaka jirani anafunga mlango.

Habari aliyoleta: shimo linafunguliwa tena Jumatatu ya tarehe ishirini na nane. Naye anashuka.

Nikamuuliza kama kuna magogo mapya ya kushikilia kuta. Ati yapo. Helmeti? Ati zitakuja. Na mvua ikinyesha? Akacheka kidogo, akaniita shemeji kwa Kibukusu. "Mulamwa, mvua ni ya Mungu."

Hapo nikakasirika. Mvua ni ya Mungu, lakini kubaki shimoni wakati wa mvua ni juu yetu wenyewe. Nilimwambia hivyo. Akala ndizi yake mwenyewe aliyoniletea, akaenda.

Sellah amepiga simu jioni kutoka nyumbani Kamukuywa. Amejua tayari. Hakulia, Sellah si wa kulia kwa simu. Alisema tu: nina mume mmoja na kaka mmoja, na shimo hilo limeshamjaribu mmoja. Nimwambie nini? Mguu huu hauwezi kumshika mtu.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili. Kitale

Duka limefungwa. Mzee Rajvinder amekuja hata hivyo na chapati alizotuma mkewe, Gita, za viazi ndani. Nimekula nne. Mtu aliyekaa gizani na kikombe cha chai baridi haringi mbele ya chapati.

Nikamweleza wasiwasi wangu. Nataka kuwe na ubao pale juu, majina ya wanaoshuka, ili wakitoka ijulikane nani amebaki. Nikamwambia pia kwamba watu watakataa, maana orodha ni kuhesabu tu kwa njia nyingine.

Mzee aliinuka. Halafu akaenda dukani akarudi na kitu kwenye kiganja. Kipande cha shaba, mviringo, kitundu juu, namba 212 imechongwa katikati. Kimelainika kwa kushikwashikwa.

Babu yake alichimba makaa ya mawe huko India kabla ya kupanda meli kuja huku. Yeye na mdogo wake. Kila mchimbaji alikuwa na shaba yake. Kabla ya kushuka anaitundika ubaoni, akitoka anaitoa. Siku moja moto ulilipuka chini. Watu wakatoka, wakachukua shaba zao wakilia. Hii ikabaki kwenye msumari. Ilikuwa ya huyo mdogo.

Nikamuuliza kama alipatikana. Akasema ndiyo, siku ya nne, amekufa.

"Lakini sikia, Wakoli. Ile siku nne hakuna mtu alienda nyumbani. Hiyo ndiyo babu alikuwa anasema kila mara. Hakuna mtu alienda nyumbani."

Alikifunga kiganja. Miaka yote hiyo kipande kinakaa kwenye droo ya duka, kati ya risiti na misumari, nami nimenunua kamba hapo mara ngapi bila kujua.

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili. Kamukuywa

Nyumbani! Sellah amechinja kuku. Mama amenishika kichwa kwa mikono miwili kama anayepima boga sokoni, kisha akaniuliza mbona sijanyoa.

Kanisani pasta ameniita mbele. Lazaro, ati. Watu makofi. Nashukuru, kweli nashukuru, lakini huyu Lazaro nimechoka naye. Kila ninapopita mtu ananiita hivyo. Lazaro hakutolewa na muuza chai aliyetukanwa na kundi zima. Nilitaka kumwambia pasta amwite Mama Phelista mbele, sio mimi. Sikusema. Nimekosa hapo.

Sellah amesikiliza habari ya shaba mpaka mwisho huku akichambua sukuma wiki. Akasema hivyo vishaba havitoshi. Kwani ubao ungesema uko ndani, wangejuaje ni njia ya kulia au ya kushoto? Wewe walikuchimbia kushoto nusu siku nzima.

Ni kweli. Sikuwahi kumwambia hilo. Sijui nani alimwambia. Mke wangu ana akili kuliko mgodi wote, na ninashukuru alikubali kuolewa na mchimbaji.

Jumanne, 22 Aprili. Kitale

Plasta imetoka. Mguu ni mwembamba na mweupe, unanuka kama viatu vya mvua. Daktari amesema nitatembea vizuri ila kushuka shimoni nisahau. Nilitembea kutoka hospitali mpaka stendi kwa mkongojo bila kupumzika. Pengine mita mia tatu. Nilitaka kumsimamisha kila mtu njiani nimwonyeshe.

Alhamisi, 24 Aprili. Cherubai

Leo nimerudi kule. Nilidhani nitaogopa shimo. Nimeogopa harufu tu, ile ya udongo mbichi. Nikashika mti mpaka ikapita.

Mkutano ulikuwa saa tano. Kiplimo alisimama kwanza, kofia mkononi. Akasema Machi alikosea, aliwaambia watu waende nyumbani na mtu yuko chini, na kila siku anaamka nalo.  Haikuwa rahisi, mtu mzima kusema hivyo mbele ya vijana wake. Nilimpa mkono. Sikupanga, mkono ulikwenda wenyewe.

Akataja sheria mpya. Magogo kila hatua tatu. Helmeti kwa kila mtu. Tone la kwanza la mvua, chuma cha reli kinagongwa, watu wote juu. Hakuna aliyepinga. Afisa wa madini aliyekuja na gari la serikali akaandika, akaandika, akaandika.

Halafu nikasimama mimi na ubao wangu wa majina. Weh. Kelele.

Mzee mmoja wa winchi akatema mate chini kuondoa mkosi. Mwingine akasema kabla ya Machi waliandikwa kwa gazeti, ona sasa wawili wako kaburini. Sauti ya juu zaidi ya zote ni ya nani? Ya shemeji yangu. "Kama ni kuandikwa jina kwa ubao wa mauti, mimi nashuka bila! Mtu haihesabiwi kama magunia bana!"

Nikajibu kwa hasira kwamba mimi nilihesabiwa, ndiyo maana niko hapa. Akauliza nani alinihesabu. Nikamnyoshea kidole Mama Phelista aliyekuwa akiosha birika pembeni.

Akainuka, mama wa watu, mikono ina povu. Akasema hakuhesabu mtu yeyote, asisingiziwe. "Mimi nilihesabu kikombe. Kikombe ni ya duka. Watu msihesabu, hata mimi sitaki. Lakini kila mtu awe na kikombe yake. Ukishuka, unatundika hapa. Ukitoka, unachukua, nakuwekea chai ya bure. Kikombe ikibaki kwa msumari, mimi nitauliza yangu iko wapi. Mnajua vile huwa nauliza."

Watu walicheka. Kwa mara ya kwanza tangu Machi nilisikia watu wakicheka pale. Yule mzee wa winchi alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema kikombe ni kikombe, sawa.

Hivyo ndivyo ilivyopita. Siku mbili nzima nilitunga hotuba nikiwa kitandani, na imeshindwa na chai ya bure.

Jumamosi, 26 Aprili. Kitale

Kazi siku nzima kwenye ua wa Mzee Rajvinder. Amenipa rangi zilizobaki kwenye mikebe, brashi, na ubao wa mninga. Helmeti ameagiza, ila ametoa nyingine za zamani za stoo. Nilijaribu kumshukuru, akaanza kunifokea kuhusu jinsi ninavyoshika brashi.

Ubao una pande mbili, kushoto na kulia, kama njia zilivyo chini. Unatundika upande unaokwenda kufanya kazi. Ni wazo la Sellah, nimeandika nyuma ya ubao jina lake kwa penseli, padogo.

Kila mtu ametuma alama yake ya kuchorwa kwenye kikombe. Mmoja jembe, mmoja msalaba, mmoja mistari mitatu. Mukhisa amekuja mwenyewe kuchora. Ameng'ang'ania jogoo. Amechora jogoo kwa dakika arobaini, ulimi nje. Mchoro umefanana na kiatu. Mzee Rajvinder ameutazama sana, miwani ikashuka puani, akauliza kama ni cha mguu wa kulia au wa kushoto.

Tumecheka. Mukhisa naye. Kisha akaniangalia, usoni kabisa, akaacha kucheka.

"Ni mimi nilifaa kuwa huko ndani, mulamwa."

Nilikuwa nimengoja maneno hayo wiki saba. Nikamwambia kama ingekuwa yeye asingegonga kwa mpigo, hana mdundo, angefikiriwa ni panya. Akanipiga bega. Niliumia. Nimefurahi mpaka sasa.

Jumatatu, 28 Aprili. Cherubai

Shimo limefunguliwa. Kazi yangu mpya ni kuketi kwenye kiti kando ya ubao na kuangalia misumari. Kiplimo amenipa cheo, nimekisahau. Mama Phelista ananiita karani wa vikombe.

Wakapanga mstari, wakatundika mmoja mmoja. Bati likigonga bati. Mzee wa winchi alijifanya hatazami.

Mukhisa alipofika nikamwambia ngoja. Nikatoa kwenye mfuko kikombe changu cha kijani, kile cha Machi alichoniachia Mama Phelista. Ukingo umepinda na rangi imetoka kwa kugonga. Nikakifunga kwenye mshipi wake kwa waya. "Cha kunywea kiko hapa juu. Hiki ni cha kugongea."

 Alikishika mara mbili kuhakikisha hakitoki, akashuka.

Jumatano, 30 Aprili

Siku tatu, na kila jioni ubao uko mtupu. Ni kitu kidogo, ubao mtupu. Misumari tu. Nauangalia kama mtu anavyoangalia mahindi yaliyokomaa. Nimempigia Sellah kila jioni nikamwambia: mtupu. Naye anasema asante, anakata simu arudi jikoni.

Mama Phelista analalamika majani ya chai yanaisha haraka. Analalamika huku anacheka.

Ijumaa, 2 Mei. Cherubai

Saa saba na dakika ishirini. Naandika kwenye kiti, mwavuli umefungwa kwenye mgongo wa kiti, kitabu kinalowa pembeni.

Mvua ilianza saa sita bila ngurumo. Tone la kwanza tu Kiplimo akagonga chuma. Watu wakapanda haraka, hakuna aliyebishana. Kila mmoja anachukua kikombe, anakwenda kwa Mama Phelista. Sikuhesabu. Niliangalia misumari. Upande wa kushoto ukabaki mtupu. Upande wa kulia vikabaki vitatu. Viwili. Kisha chini kukasikika kishindo kama cha gunia lililoangushwa ghalani, na vumbi likatoka kwenye mdomo wa shimo ingawa mvua inanyesha.

Mtu wa mwisho alitolewa kwa kamba akikohoa. Akachukua kikombe chake cha msalaba. Alisema Mukhisa alikuwa nyuma yake. Mukhisa ndiye aliyerudi hatua mbili kumsukuma yeye mbele.

Kikombe kimoja. Kulia. Jogoo.

Nilisimama, mguu ukakataa, nikakaa. Watu walikuwa wamesimama na chai zao mikononi wakinitazama mimi, sio shimo. Kiplimo akaja mpaka kwenye ubao, maji yanamtiririka usoni. Akauliza kwa sauti ya kusikika na wote:

"Wakoli. Wamebaki watu wangapi?"

Nilimwangalia mzee wa winchi. Hakutema mate. Alikuwa amekwisha kushika mpini.

"Mtu mmoja," nikasema. "Mukhisa. Njia ya kulia."

Wakaweka vikombe chini, hapo hapo kwenye tope, vyote. Kiplimo ameshuka wa kwanza na magogo. Wengine wako nyuma yake kwa zamu, helmeti za Mzee Rajvinder zinaonekana zikipokezana ndoo. Bomba la hewa linasukumwa ndani. Hakuna anayekwenda nyumbani. Nimetazama njia mara nyingi tangu nianze kuandika, na hakuna mtu juu yake.

Bado sijampigia Sellah. Nitampigia. Namngoja huyu mtu agonge kwanza. Ana kikombe, nilikifunga mwenyewe, nilikaza waya mara tatu. Mungu, nakushukuru kwa waya ule. Nakushukuru kwamba safari hii wanajua jina. Mpe mdundo mara moja tu.

Kiplimo ameinua mkono sasa hivi kutoka chini. Wote wamenyamaza. Nimetega sikio kwenye bomba mpaka limeniachia alama ya duara. Nasikia maji. Nasikia maji tu. Wamerudia kuchimba.

Mama Phelista ametoa kikombe cha jogoo msumarini. Nilitaka kumzuia. Amekijaza chai, amekifunika kwa sahani, amekiweka ukingoni mwa jiko. Hajauliza chochote. Kila dakika chache anakigusa, anaongeza mkaa.

Nimekigusa na mimi. Bado ni moto.